Msimbebeshe koti zito anayekwenda kuendesha baiskeli Uholanzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi, walezi na vijana ambao mwezi huu wa Agosti wanafunga mizigo kwenda kusoma Uholanzi, Ujerumani, Denmark na nchi za jirani. Masomo yanaanza Septemba au Oktoba, na familia nyingi huchangishana ili mtoto anunuliwe koti moja kubwa, zito, linalofika magotini. Koti hilo linamfaa mtu anayesubiri basi. Kwa atakayekwenda chuoni kwa baiskeli, na Uholanzi wanafunzi wengi ndivyo wanavyokwenda, koti hilo ni mzigo, tena ni hatari. Fedha hiyo igawanywe: kwanza taa, pili kinga ya mvua na glavu, na kinachobaki ndicho kiende kwenye nguo za joto.

Naanza na taa kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Sisi wa karibu na Ikweta tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, likipishana kidogo tu mwaka mzima. Mjini Utrecht, Uholanzi, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu alasiri. Mtu anakwenda gizani na kurudi gizani. Tena kuna Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambapo saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja. Aliyekuwa akirudi nyumbani Ijumaa kungali na mwanga, Jumatatu saa ileile anakuta usiku umeingia, na taa bado iko dukani. Taa ziwe zimeshafungwa na kujaribiwa kabla ya Jumapili hiyo.

Sheria ya Uholanzi inataka taa nyeupe au ya njano mbele na taa nyekundu nyuma, usiku na hata mchana ikiwa hali ya hewa inazuia kuona vizuri. Taa ndogo za kubana zinaruhusiwa, na unaweza kuzivaa mwilini, ila ziwe kifuani na mgongoni au kwenye begi. Si kichwani, si mkononi, si mguuni. Na zisimemete. Hapo ndipo wageni wengi wanapotozwa faini: wamenunua taa nzuri, wakabonyeza kitufe mara moja zaidi, ikawa inamemeta. Ujerumani nako kumetameta ni marufuku, na juu ya hilo taa lazima iwe na alama ya idhini, yaani mstari wa mawimbi, herufi K na namba. Uingereza wanaruhusu taa imemete mara 1 hadi 4 kwa sekunde, na Denmark kuanzia mara 120 kwa dakika. Ndiyo maana nashauri taa isinunuliwe Kariakoo wala Nairobi, hata kama ni rahisi. Mtoto apewe fedha ya taa mkononi, akanunue kulekule iliyo halali kulekule.

Marufuku hiyo ina maana yake. Taa inayomemeta huvuta jicho la dereva upesi, lakini humpa shida kukadiria uko umbali gani na unakwenda kasi gani. Taa iliyotulia humwambia yote mawili.

Pamoja na taa kuna rifleta, vile viakisi mwanga. Uholanzi inataka nyekundu moja nyuma, za njano kwenye pedeli, na nyeupe au za njano kwenye magurudumu. Za pedeli zising'olewe hata kama zinaonekana kuharibu sura ya baiskeli. Zinapanda na kushuka mguu unapozunguka, na mwendo huo ndio unaomwambia dereva papo hapo kwamba mbele kuna mtu anayeendesha baiskeli, si nguzo wala kibao. Utepe wa kuakisi unaofungwa kwenye kifundo cha mguu hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo sana.

Kuna jambo moja ambalo hata waendeshaji wazoefu hulichanganya. Kizibao cha njano-kijani kinachong'aa mchana hung'aa kwa sababu kinageuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Usiku hakuna jua, kwa hiyo rangi hiyo haina nguvu yake tena. Kinachofanya kazi usiku ni ile mistari ya kijivu, nayo hurudisha mwanga kule ulikotoka tu. Gari lililo nyuma yako likikumulika, dereva atakuona uking'aa. Gari linalotaka kuingia barabarani kutoka njia ya pembeni, taa zake zimeelekea kwingine kabisa. Kwa dereva huyo mistari yako ni kitambaa cha kijivu gizani. Njia panda ndiko hatari ilipo, na pale ni taa inayowaka yenyewe tu itakayokuokoa. Kwa hiyo kizibao ni nyongeza ya taa, kamwe si badala yake.

Taa ya betri au ya dainamo, kile kifaa kinachozalisha umeme gurudumu linapozunguka? Kwa anayeendesha kila siku, dainamo, tena ile iliyomo ndani ya habu, yaani kitovu, ya gurudumu la mbele. Hutoa volti 6 na wati 3, haigusi tairi, haijali mvua, na haihitaji kukumbukwa. Taa za LED za aina hii huwa na kifaa kidogo ndani kinachohifadhi umeme, hivyo ukisimama kwenye taa za kuongozea magari huendelea kuwaka kwa dakika kadhaa. Baiskeli ya mtumba yenye dainamo ya habu inastahili kuongezewa bei kuliko isiyo nayo.

Baiskeli nyingi za bei nafuu bado zina dainamo ya chupa, ile tunayoijua kwenye Phoenix, inayosugua ubavu wa tairi. Tairi likilowa au likipata theluji huteleza, na taa hufifia pale unapoihitaji. Mambo matatu hutibu sehemu kubwa ya shida zake. La kwanza, mhimili wa dainamo uelekee katikati ya habu. Ukiwa mshazari hula tairi na kupoteza nguvu. La pili, kichwa chake kiguse mistari ya ubavuni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si mpira laini. La tatu ni waya. Baiskeli nyingi za zamani zina waya mmoja tu kwenda kila taa. Fremu yenyewe ndiyo waya wa pili. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huleta kutu, kutu hukata njia ya umeme, na taa hufa bila kitu chochote kuonekana kimevunjika. Fungua kishikio cha taa, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae mahali skrubu inapogusa fremu, paka grisi kidogo juu yake, kaza. Madigadi ya plastiki ikiwekwa badala ya ile ya chuma iliyobeba taa ya nyuma, njia hiyo hukatika kabisa. Hapo ongeza waya wa pili.

Na kwenye taa za balbu usipuuze taa ya nyuma iliyozimika. Umeme wa dainamo ya kawaida umegawanywa wati 2.4 mbele na 0.6 nyuma. Waya wa nyuma ukikatika, balbu ya mbele inapokea umeme wote peke yake na kuungua ukishuka mteremko kwa kasi. Mtu hununua balbu tatu mfululizo akilaumu duka, kumbe kosa liko kwenye waya uliokatwa na ukingo wa madigadi.

Anayetumia betri aangalie baridi. Karibu na nyuzi sifuri betri ya lithiamu hutoa umeme pungufu kuliko ilivyotoa Septemba, kwa hiyo hesabu ya saa iliyoandikwa kwenye boksi isiaminiwe. Taa iingizwe ndani, isiachwe kwenye baiskeli nje. Isichajiwe ikiwa ya baridi chini ya sifuri, kwa maana lithiamu huganda kama chuma ndani ya betri na uharibifu huo haurudi nyuma. Iache ipate joto la chumba na ikauke kwanza, ndipo ufungue kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji. Baada ya kuchaji, kifuniko hicho kibonyezwe mpaka kiingie. Taa nyingi haziuawi na baridi. Zinauawa na maji yaliyopita pale.

Njiani mjini kwenye taa za barabarani, taa ndogo inatosha kwa sababu kazi yake ni kukufanya uonekane. Anayekaa kijijini na kupita kati ya mashamba atahitaji taa ya kumulika njia. Laksi ni kipimo cha mwanga; laksi 10 ndicho kiwango cha chini cha taa za Ujerumani, lakini gizani kabisa tafuta 40 au zaidi. Taa ya namna hiyo ielekezwe vizuri, la sivyo unampofusha anayekuja. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, sakafu iwe sawa, mtu akae juu ya baiskeli. Pima taa iko sentimita ngapi kutoka chini; tuseme 80. Kitovu cha mwanga ukutani kiwe nusu yake, sentimita 40. Mwanga utagusa barabara mita 10 mbele yako. Taa ya nyuma nayo usiifunge chini ya kiti, maana ndiko koti linakoangukia. Ifunge kwenye keria.

Sasa nguo. Majira ya baridi ya Uholanzi hayafanani sana na picha za theluji tunazotumiwa. Siku nyingi za Januari ni nyuzi 2 hadi 6, mvua ya manyunyu, na upepo usiokoma kwa sababu nchi ni tambarare. Nyuzi 3 na mvua huumiza kuliko nyuzi 5 chini ya sifuri kukiwa kukavu. Na baiskeli hujitengenezea upepo wake: hewa ikiwa nyuzi 0, mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa ngozi yake huhisi kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Maadui ni wawili basi, upepo kutoka nje na jasho kutoka ndani. Koti zito huzuia wa kwanza na kumzalisha wa pili. Baada ya dakika 10 mwili umechemka, shati limelowa jasho, ukisimama kwenye taa nyekundu jasho hilo linakuwa barafu mgongoni.

Nguo zivaliwe kwa matabaka matatu membamba. Inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au polista, isiwe pamba. Pamba ikilowa hushikilia maji kwenye ngozi, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Sufu hunyonya unyevu mwingi kabla hujahisi kwamba imelowa. Tabaka la kati ni sweta la sufu au flisi, lile sweta laini la polista. La nje ni jaketi jepesi la kuzuia upepo na mvua, lisilo na pamba ndani, lenye mgongo mrefu kuliko tumbo na mikono inayofika kwenye kifundo hata ukishika usukani. Likiwa na zipu za kwapani, chukua hilo. Ukitoka mlangoni uhisi baridi kidogo kwa dakika 5 za mwanzo. Ukitoka ukiwa na joto la kupendeza, umezidisha. Vua sweta uliweke kwenye begi. Nalo begi lifungwe kwenye keria, kwa sababu begi la mgongoni hutoa jasho lisilotibika kwa nguo yoyote.

Kwa nyuzi 10 hivi, fulana ya sufu na jaketi vinatosha. Ikishuka chini ya 5, ongeza sweta. Chini ya sifuri, ongeza suruali ya ndani ya kubana, na usiongeze zaidi kifuani; kifua cha mwendesha baiskeli hakipati baridi upesi, ni vidole.

Sehemu kubwa ya nguo hizi zinapatikana mitumbani, Karume, Gikomba au Kongowea, kwa bei ndogo sana kuliko Ulaya, maana zilitoka hukohuko. Kinachotakiwa ni kusoma lebo. Kwa Kiholanzi sufu ni wol, kwa Kijerumani Wolle, kwa Kifaransa laine. Jihadhari na neno moja la Kijerumani: Baumwolle. Ndani yake mna Wolle, lakini maana yake ni pamba, na wauzaji na wanunuzi wengi huuziana fulana za pamba kwa jina la sufu kwa sababu ya neno hilo. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto hujizima wenyewe, na majivu husagika vidoleni. Pamba hunuka karatasi na huendelea kuungua. Polista na akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi.

Jaketi la mvua la mtumba ligeuzwe ndani nje kabla ya kulipia. Mishono iwe imefunikwa kwa utepe kutoka juu hadi chini. Utepe ukiwa umebanduka begani, maji yataingilia hapo. Pitisha kiganja kwenye kitambaa cha ndani. Ukiona unga mweupe au magamba yakidondoka, kinga yake ya maji imekwisha na hakuna fundi wa kuirudisha. Lirudishe kwenye rundo.

Vidole ndivyo vinavyowashinda wageni. Mikono imekaa tuli kwenye usukani, iko mbele kabisa ya upepo, na ndiyo inayoshika breki. Glavu moja nene ya kubana haifai. Vaa nyembamba ya sufu ndani ya nyingine ya kuzuia upepo iliyo kubwa zaidi saizi moja, ili hewa ibaki katikati na damu ipite. Jaribu kubonyeza breki ukiwa umezivaa zote. Kwa baridi kali zaidi kuna ile mifuko mizito inayovishwa kwenye usukani, ambayo madereva wa bodaboda wa Limuru na nyanda nyingine za baridi wanaijua vizuri. Ndani yake glavu nyembamba inatosha. Wasomaji wa Njombe na Makete wanaotoka na baiskeli alfajiri za Juni na Julai, hili na yale ya matabaka yanawahusu vilevile.

Miguuni kosa kubwa ni soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Kiatu kikibana damu haifiki, na mguu usio na damu haupashwi joto na soksi yoyote. Soksi moja nene ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole ni bora. Kukiwa na mvua kubwa, mfuko wa plastiki juu ya soksi, ndani ya kiatu, huzuia maji na upepo kwa safari ya nusu saa.

Kichwani, Uholanzi haimlazimishi mwenye baiskeli ya kawaida kuvaa helmeti, lakini barafu haijui sheria. Anayevaa aweke kofia nyembamba ya kufunika masikio chini yake. Kofia nene ya kufuma huinua helmeti ikakaa juu ya kisogo, ambapo haikingi kitu. Wanaovaa ushungi wachague wa kitambaa cha kunyumbuka, si wa pamba, wauingize wote ndani ya jaketi, na pini zisibaki mahali helmeti inapokandamiza.

Nguo ndefu zina tahadhari yake. Buibui, dira, koti refu na skafu vyote vinaweza kuvutwa na spoki au mnyororo, na gurudumu halikupi muda wa kujitoa. Wanawake wa Kiholanzi wameendesha na sketi ndefu kwa vizazi vingi kwa sababu baiskeli zao zina vitu viwili: kasha linalofunika mnyororo wote, na kinga ya turubai au wavu pande mbili za gurudumu la nyuma. Anayevaa nguo ndefu asinunue baiskeli isiyo navyo. Kinga hiyo huuzwa peke yake na hufungwa kwa dakika chache. Skafu badala yake iwe ile ya mviringo isiyo na ncha, na suruali pana ifungwe kwa raba mguu wa kulia, upande wa mnyororo.

Mvua inahitaji suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nyingine, yenye zipu pembeni kuanzia chini ili ipite juu ya kiatu. Kaputi la mvua la kujitanda ni la haraka na halileti jasho, lakini kwenye upepo wa uwanda linageuka tanga, tena linaweza kufunika taa ya mbele iliyofungwa kwenye usukani. Anayelipenda ahamishie taa kwenye foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele.

Na akifika nyumbani viatu vimelowa, asiviweke juu ya chuma cha kupashia chumba joto; ngozi hupasuka na gundi ya soli huachia. Atoe soli za ndani, ajaze karatasi za gazeti zilizofinyangwa mpaka kwenye vidole, azibadilishe baada ya saa mbili, kisha aziweke nyingine za kulala nazo. Asubuhi viatu vitavalika.

Msomaji wako,
Fundi baiskeli,
Utrecht, Uholanzi